Jino Moja Tu: Gari Yangu, Cherehani Yangu na Bi Harusi Aliyenisubiri



Najua wengi wenu mnanisubiri niandike kuhusu mashela na mikato ya magauni, lakini leo niwieni radhi. Leo nataka kuzungumza juu ya gari. Msinikimbie, maana mwisho wake utaona ni habari ya mabiharusi, ya mafundi, na ya amana ambayo Mwenyezi Mungu atatuuliza.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Ndoa ndiyo iliyonipeleka Kyela, huko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Asiyepajua Kyela basi anaujua mchele wake. Ni bonde la mpunga na kakao, joto lake kama la kwetu, na masika yake si ya mchezo, Aprili maji hufika mpaka vizingitini. Huku ziwani tuko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kwenda Mbeya huna njia ila kupanda: unapita Ushirika, unafika Tukuyu penye migomba na chai, ambako umeshavuka mita 1,500, na bado hujamaliza. Mbele kuna Isyonje, juu zaidi, penye baridi na ukungu, ndipo uteremke Uyole.

Kazi yangu ni kushona na kukodisha nguo za harusi. Waislamu wa huku hatuko wengi kama visiwani, kwa hiyo wateja wangu wametawanyika: Matema, Ipinda, Kasumulu mpakani, Tukuyu, mpaka Mbeya mjini. Gauni la bi harusi huwezi kulipakia juu ya Coaster pamoja na magunia ya mchele na ndizi. Ndiyo maana nilidunduliza mpaka nikanunua gari, RAV4 ya zamani, ile ya kwanza kabisa, yenye injini ambayo mafundi wanaiita 3S. Nilikuwa nikiipenda kama mtu anavyopenda cherehani yake ya kwanza.

Mkanda

Mwaka juzi, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, niliambiwa gari imeshapita kilomita 100,000 tangu mkanda wa taimingi ubadilishwe, na mkanda ule una umri wake. Kwa injini ile, hizo kilomita 100,000 ndizo kikomo cha kawaida. Nikasema alhamdulillah, nibadilishe kabla harusi hazijaanza, nisije nikakatikiwa njiani na nguo ya mtu.

Kwa dada ambaye hajawahi kuuona, mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani. Umefichwa ubavuni mwa injini nyuma ya vifuniko vya plastiki, huuoni kama ile mikanda mingine ya nje. Kazi yake ni kuunganisha sehemu mbili. Chini kuna krenki, inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu za kuingiza hewa na mafuta na za kutolea moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Mkanda ndio unaozilazimisha ziende pamoja, pistoni ikiwa mahali fulani valvu ziwe zinajua la kufanya.

Mume wangu akanipeleka kwa rafiki yake wa utotoni, fundi mwenye gereji yake hapo mjini. Simtaji, na mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini. Nilifika baada ya Adhuhuri nikamwambia, "Shemeji, nataka gari kabla ya Magharibi, kesho asubuhi nina safari ya Matema." Akasema kazi ile inataka utulivu, niiache mpaka kesho yake. Nikamng'ang'ania. Nikakaa palepale kwenye benchi, na kila nusu saa namuuliza, "Bado, shemeji?"

Kabla ya Magharibi alinikabidhi ufunguo. Nilimlipa nikaenda kufuturu.

"Itakaa sawa ukitembea nayo"

Asubuhi yake gari iliwaka, lakini kwa shida, mpaka nishike ufunguo muda mrefu. Ikisimama ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Njia ya Ipinda mpaka Matema ni lami na tambarare, kwa hiyo nilifika, ila niliona nikikanyaga mafuta injini inanguruma tu na mwendo hauji. Petroli niliyozoea kutumia siku tatu iliisha kwa siku mbili.

Nikarudi kwa fundi. Akasema plagi zimechoka, akabadilisha plagi. Siku ya pili akasema ni chujio la mafuta, akabadilisha chujio. Siku ya tatu akafungua boneti, akalegeza bolti ya distribyuta, akaizungusha kidogo, akasikiliza, akaizungusha tena, akaikaza. Mtetemeko ukapungua. Akafuta mikono yake kwenye kitambaa akaniambia, "Shemeji, mkanda ni mpya, bado mgumu. Itakaa sawa ukitembea nayo."

Moyoni niliona haijakaa sawa. Nilimwambia mume wangu kwamba gari ilikuwa nzima kabla ya kushikwa, na ubovu wote umeanza siku iliposhikwa. Akanijibu, "Sasa unataka nikamwambie mwenzangu hajui kazi? Mpe nafasi." Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumuudhi, na pia kwa sababu nilijiambia, mimi mwanamke wa cherehani najua nini kuhusu injini?

Jumamosi ya akdi

Bi harusi alikuwa Mbeya, upande wa Uyole. Gauni lake nililishona mwezi mzima, la satini nyeupe, kifua kimetariziwa kwa mkono, na shela ndefu. Akdi ilikuwa Jumamosi baada ya Laasiri. Nilitoka Kyela saa tatu asubuhi na mdogo wangu wa kiume, mvua ikinyesha, nikijua saa sita nitakuwa nimeshafika na kumvisha kwa nafasi.

Tulipoanza kupanda, gari ikaanza kuishiwa. Gia ya pili, halafu ya kwanza. Malori ya makaa ya mawe yanatupita, bajaji inatupita. Mshale wa joto ukapanda. Karibu na Ushirika, saa tano, gari ilikataa kabisa. Ukikanyaga mafuta inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, lakini haipandi hata hatua.

Tuliisubiri ipoe, tukajaribu, ikakataa. Simu za bi harusi zilikuwa zinaingia. Mara ya kwanza nilisema niko njiani, mara ya pili nilisema nakaribia, mara ya tatu sikupokea. Coaster zinapita zimejaa mpaka mlangoni. Saa nane na nusu ndipo nikapata moja. Nikamwacha mdogo wangu na gari, nikapanda na gauni nimelipakata mapajani ndani ya mifuko miwili ya plastiki, huku maji yanachuruzika kutoka kwenye baibui langu na mimi nasoma kila dua ninayoijua.

Nilifika saa kumi na nusu. Akdi ilikuwa imeshafungwa. Ndoa haihitaji gauni, alhamdulillah, na mume na mashahidi na walii walikuwepo. Lakini bi harusi yule alijibu kwa walii wake akiwa amevaa dera la dada yake, na picha zake za akdi ndizo hizo mpaka leo. Hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akainua mikono nimvishe, kwa ajili ya wageni wa usiku. Mama yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa nini hukusema mapema kwamba gari ni mbovu? Tungemtuma mtu."

Sikuwa na jibu. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba gari ni mbovu.

Mzee wa Tukuyu

Jumapili Fuso iliivuta gari kwa kamba mpaka Tukuyu. Wenyeji wakatuelekeza kwa mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, gereji yake ni banda la mabati chini ya miparachichi. Nikashuka Mbeya nikawakuta hapo. Nikamsimulia yote. Hakunikatiza. Aliponyamaza kidogo aliuliza swali moja tu: "Mama, kabla ya kuanza kuumwa, ilishikwa wapi?"

Nikamwambia, mkanda wa taimingi.

Akafungua boneti. Hakugusa plagi wala chujio. Aliinama akatazama distribyuta, akaniita. "Unaiona hii bolti? Inakaa ndani ya mfereji, ili uweze kusogeza kidogo huku na kidogo huku. Kwa kawaida inakaa karibu na katikati. Hii imesukumwa mpaka mwisho. Aliyefanya hivi alikuwa anatafuta kitu ambacho hakipo hapa."

Akamwambia kijana wake afungue kifuniko cha juu cha mkanda. Yeye akaweka spana kubwa kwenye krenki, akaizungusha polepole kwa mkono mpaka alama ya puli ya chini ikakutana na sifuri, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Kisha akawasha tochi ya simu. Kwenye puli ya juu, ya kamshafti, kuna tundu dogo, na nyuma yake, kwenye injini yenyewe, kuna alama. Chini ikiwa kwenye sifuri, lile tundu na ile alama vinatakiwa kutazamana.

Havikutazamana. Tundu lilikuwa pembeni, kwa jino moja la mkanda.

"Jino moja tu, mzee?" niliuliza.

"Jino moja, mama. Lakini jino moja ukilihesabu kwenye mzunguko wa krenki ni zaidi ya digrii kumi. Valvu zinachelewa kufunguka, zinachelewa kufunga. Injini inapumua kwa kuchelewa, ndiyo maana inakula mafuta, inachemka, na haina nguvu ya mlima."

Nikamuuliza kwa nini basi kuzungusha distribyuta kulipunguza mtetemeko. Akaeleza kwamba katika injini ile distribyuta inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo kamshafti ikichelewa na moto wa plagi unachelewa. Ukizungusha distribyuta unaurudisha moto mahali pake, lakini valvu zinabaki palepale zilipochelewa. Umerekebisha nusu ya kosa na kuificha nusu nyingine.

Wallahi, dada zangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba haya nilikuwa nikiyajua tangu nilipokuwa na miaka ishirini.

Sindano na kindoano

Nilipomaliza skuli nilikwenda kusomea ushoni, na mwezi wa kwanza mwalimu alitufungulia tumbo la cherehani. Sindano inashuka na uzi mpaka chini kabisa, halafu inaanza kupanda. Ikishapanda kidogo tu, milimita mbili hivi, uzi ulio nyuma yake unalegea na kufanya kitanzi. Ni hapo hapo ncha ya kile kindoano kinachozunguka chini inapita juu kidogo ya tundu la sindano, inakinyakua kitanzi na kukipitisha kuzunguka bobini. Huo ndio mshono. Kindoano kikiwahi, kitanzi hakijafanyika. Kikichelewa, kitanzi kimeshapita. Cherehani itanguruma vizuri kabisa, gurudumu litazunguka, lakini mshono utaruka na uzi utakatika.

Na wanafunzi sote tulikuwa na kosa moja. Mshono ukiruka tunakimbilia skrubu ya kukaza uzi, maana iko nje na ni rahisi kuishika. Tunakaza, tunalegeza, tunabadilisha sindano, tunabadilisha uzi. Mwalimu akitukuta hutupiga kofi la mkono na kusema tuache kupapasa, turudi chini tukaangalie kama sindano na kindoano vinakutana.

Nikamweleza mzee. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Basi, mama, wewe ni fundi mwenzangu. Distribyuta ni ile skrubu yenu ya uzi."

Alivyoirekebisha

Nilikaa kuangalia, safari hii bila kuuliza "bado?" Nawaandikia kwa kifupi ili na nyinyi mkisimama gereji mjue mnaangalia nini.

Alitoa waya wa betri kwanza. Akaondoa tairi la mbele la upande wa mkanda, akafungua puli ya chini na kifuniko cha chini. Akarudisha krenki kwenye alama yake. Akalegeza puli ya kukaza, akautoa mkanda kwenye puli ya juu, akazungusha kamshafti kidogo mpaka tundu likatazamana na alama. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima na mpya, kwa hiyo aliutumia ule ule, baada ya kuukagua kama haujaingia mafuta wala kukunjwa.

Kuurudisha ndiko kwenye siri. Aliuvalisha kuanzia chini, akauvuta ukae bila kulegea upande ule usio na puli ya kukaza, ili ulegevu wote ubaki upande wa pili. Akaniambia mafundi wengi wanakosea hapa: alama zinatazamana vizuri kabisa, lakini wameacha ulegevu upande usiofaa. Ukiiachia puli ya kukaza ivute, kamshafti inajisogeza jino moja nao hawana habari.

Ndiyo maana hakuishia hapo. Alizungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, bila kuirudisha nyuma. Miwili kwa sababu chini ikizunguka mara mbili juu inazunguka mara moja, na kila kitu kinarudi kilipoanzia. Na kwa mkono, wala si kwa kuwasha, kwa sababu kama kuna kitu kinagusana mkono utasikia kabla hakijavunjika. Akatazama alama tena kwa tochi. Akaniita na mimi nitazame. Zilikutana. Ndipo akaikaza puli, akafunga vifuniko.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuirudisha distribyuta, maana sasa ilikuwa imesukumwa mahali pasipo pake. Aliwasha gari, akaiacha ipate joto. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cha uchunguzi. Akaunganisha kwa waya mfupi vitundu viwili vilivyoandikwa TE1 na E1, ili kompyuta ya gari isiingilie kipimo. Akamulika puli kwa taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi ya kwanza inapowaka, mpaka alama ikasimama kwenye 10, yaani digrii kumi kabla pistoni haijafika juu. Akakaza bolti, akatoa waya. Nikainama kuitazama ile bolti. Ilikuwa karibu na katikati ya mfereji.

Akaniambia nimshukuru Mungu kwa injini niliyonayo. Katika 3S ya aina yangu, taimingi ikipotea au mkanda ukikatika, pistoni na valvu hazifikiani. Zipo injini nyingi, na za dizeli ndiyo zaidi, ambazo zingegongana, valvu zingepinda na ningekuwa nanunua injini.

Nilimlipa, nikamwambia "ndaga", asante ya Kinyakyusa niliyofundishwa na wakwe zangu. Jioni ile nilipanda mpaka Isyonje kuijaribu, kisha nikageuza. Iliwaka mara moja na kupanda kwa gia ya tatu.

Mkono wa gauni

Kuteremka kurudi Kyela, maneno ya yule fundi wa kwanza hayakunitoka kichwani. "Itakaa sawa ukitembea nayo." Nilikuwa na hasira, naandaa kabisa ujumbe wa kuwatumia kina mama wote wa kikundi chetu wasimpelekee magari. Mara nikakumbuka nimewahi kuyasikia wapi maneno yale.

Niliyasema mimi. Miezi minne nyuma nilimshonea bi harusi mmoja wa Ipinda. Mkono wa gauni una alama juu, nayo inatakiwa ikutane na mshono wa bega. Mkono wa kushoto niliuweka nimechoka, usiku, alama ikapita bega kwa upana wa kidole. Mkono ukawa unajizungusha kidogo. Alipojaribu alisema, "Dada, huku kunanivuta." Ningeweza kufumua. Ilikuwa kazi ya saa mbili. Nikamwambia, "Nguo mpya hiyo, itakaa sawa ukivaa."

Nilifika nyumbani nikampigia simu. Nikamuuliza mkono ulikuwaje. Akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Siku nzima sikuinua mkono wa kushoto, dada. Hata kupokea mkono wa mama mkwe nilipokea kwa kuinama." Alijua, na alinisitiri. Nilimwomba radhi, nikalitwaa gauni nikalifumua, nikamrudishia na nusu ya pesa. Alikataa pesa, nikamsihi mpaka akakubali. Deni la mwanadamu, dada zangu, Mola halifuti mpaka mwenyewe asamehe.

Ujumbe wa kikundi sikuutuma.

Mume wangu nilimweleza yote, pamoja na habari ya mkono wa gauni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilimlinda rafiki yangu nikakuacha wewe barabarani." Akaniomba twende kwake pamoja, faragha. Tulikwenda baada ya Isha, gereji imefungwa. Mume wangu ndiye aliyezungumza. Fundi aliinamisha kichwa, akasema, "Shemeji, kuzungusha mara mbili najua. Siku ile sikuzungusha. Ulikuwa umekaa pale benchi unanihesabia dakika. Na ulipoirudisha niliona haya kufungua tena, nikatafuta la nje." Akarudisha pesa ya ufundi. Mimi nikamwomba radhi kwa kumharakisha, kwa sababu sehemu ya jino lile ni yangu. Mpaka leo gari yangu iko mikononi mwake, na kila akimaliza kazi ananiita mwenyewe nitazame alama.

Mkienda gereji

Dada zangu wenye magari, na mabiharusi mtakaopewa magari na waume zenu inshaallah, shikeni haya:

1. Jua mkanda wako ulibadilishwa lini. Kama umenunua gari kwa mtu na hakuna kumbukumbu, usibahatishe.

2. Si kila gari ina mkanda, nyingine zina cheni. Muulize fundi yako ni ipi, na kama mkanda ukikatika valvu zitagongana au la.

3. Usiipeleke gari siku unayoihitaji. Toa siku nzima, na uondoke kwenye benchi.

4. Muulize fundi kwa adabu: "Umezungusha mara mbili kwa mkono? Naomba unionyeshe alama kabla hujafunga." Fundi mzuri hatakasirika.

5. Ikiwaka kwa shida, ikitetemeka, ikikosa nguvu mlimani au ikianza kula mafuta mara tu baada ya kubadilishwa mkanda, usikubali kununua spea nyingine kwanza. Ifunguliwe ilikoshikwa, alama zitazamwe.

6. Usisafiri na amana ya mtu kwa gari unayoitilia shaka. Sema mapema. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko picha za akdi zisizorudi.

Na nyinyi mabiharusi, mkijaribu gauni kwa fundi na mahali panavuta, semeni, na mkiambiwa itakaa sawa ukivaa, semeni tena. Sisi mafundi tunahitaji kuambiwa. Katika ndoa pia, likianza kuvuta jambo, rudini pale lilipoanzia mlitazame wawili, kwa upole, kabla hamjaanza kubadilisha kila kitu kingine nyumbani. Mimi na mume wangu tulikuwa na jino letu moja, nilinyamaza palipohitaji neno, na yeye hakunisikiliza palipohitaji sikio. Tuliongea usiku ule, tukapata nafuu.

Yule bi harusi wa Uyole amejaaliwa mtoto wa kike. Nimeshona nguo ya akika yake bila malipo, na niliipeleka siku mbili kabla. Mama yake alipofungua mlango aliitazama saa ya ukutani, akanitazama, tukacheka wote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kazi zetu ziwe safi hata pale pasipoonekana, atusamehe tulipoficha, na awabariki mabiharusi wetu wote. Aamin.

Wabillahi tawfiq.